UZI: Mwanasiasa akirudisha hela ya tajiri aliyetuhumiwa kunyanyasa wanawake, anakuwa amerudisha nini hasa?

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu atarudi baadaye.

Kuna kitu kinanikera miaka sasa. Kila ikilipuka skendo ya tajiri mkubwa Marekani kwamba kanyanyasa wanawake kingono, ndani ya siku mbili tatu utaona wanasiasa wamepanga foleni, huyu anasema mchango wake nimeupeleka kwenye shirika la hisani, yule anasema mimi nimerudisha, na watu tunapiga makofi, habari imeisha, tunasubiri tajiri mwingine. Mimi nasema hapo hamna kilichorudishwa, na nitaeleza kwanini.

Tumchukue Harvey Weinstein, yule mtayarishaji mkubwa wa sinema za Hollywood, maana ndo kesi iliyowaamsha wengi. Gazeti la New York Times walimwanika tarehe 5 Oktoba 2017, wakaandika tuhuma za karibu miaka 30 na kwamba alishamalizana nje ya mahakama na wanawake wasiopungua nane. Nane jamani. Tarehe 8 kampuni yake mwenyewe ikamfukuza. Sasa huyu bwana alikuwa mchangiaji na mchangishaji mkubwa wa Democrats tangu miaka ya 90, kwahiyo simu zikaanza kulia. Seneta Elizabeth Warren akapeleka dola 5,000 kwa shirika la Boston linalosaidia wanawake waliopigwa majumbani, maseneta wengine nao kila mtu na shirika lake. Kamati kuu ya chama, DNC, ikatangaza itatoa dola 30,000 na ushee, wakati kwa miaka yote alikuwa ameshawapa kama laki tatu. Na hizo 30,000 walizipeleka wapi? Kwa makundi yanayowasaidia wanawake wa siasa za upande wao kushinda uchaguzi! Yani hela imetoka mfuko wa kulia ikaingia wa kushoto, suruali ni ileile. Hillary Clinton yeye alisema atatoa kwa hisani, ila itakuwa ndani ya ile asilimia 10 ya kipato chake ambayo huwa anaitoa kila mwaka. Sasa kama ungeitoa hata hivyo, umepoteza nini?

Lakini hata wangetoa senti kwa senti bado ingekuwa bure, na hapa ndo naomba mnisome taratibu.

Sheria ya Marekani inaweka kikomo cha hela ambayo mtu mmoja anampa mgombea wa bunge au urais. Msimu wa 2016 ilikuwa dola 2,700 kwa kila uchaguzi, mchujo ukihesabiwa peke yake na uchaguzi mkuu peke yake. Kwahiyo hata uwe na mabilioni hundi yako kwa mgombea ni ndogo tu, tajiri na daktari wa meno mnalingana. (Kamati zinazojitegemea zile zinazopokea bila kikomo tangu maamuzi ya mahakama ya 2010 ni habari nyingine, huko hela ni mafuriko.) Nguvu ya mtu kama Weinstein haikuwa kwenye hundi yake, ilikuwa kwenye sebule yake. Anafungua nyumba, anaita marafiki zake wa sinema na wa benki, kila mtu anakuja na hundi yake, mgombea anafika, anakula, anahutubia robo saa, picha, kwaheri. Agosti 2012 Obama alikwenda kwake Westport, Connecticut, akiwa rais. Juni 2016 Hillary alikwenda kwake Manhattan. Sasa siku ya kurudisha wanarudisha ile hundi yenye jina lake. Zile nyingine za sebuleni zina majina ya watu wengine, zinabaki, na kampeni ilishazila.

Jana usiku nililala saa nane nikiperuzi tovuti ya FEC, ile tume yao ya uchaguzi. Mtu yeyote anaingia bure. Ukiandika jina inakuletea mistari: jina, mji, mwajiri, kazi yake, tarehe, kiasi, kamati iliyopokea. Aliyetoa zaidi ya dola 200 kwa kamati moja lazima aonekane. Unashuka na kidole, mwaka hadi mwaka, 1,000, 2,300, 2,700, unaona kabisa mtu alivyokuwa anamwagilia shamba lake. Ni mfumo mzuri, sitaudharau. Ila hamna safu inayoonyesha ulialikwa na nani, nani alikaa karibu na mgombea, nani alimshika bega. Kisheria anayetakiwa kutajwa kwa kukusanya hundi za wenzake ni yule aliyesajiliwa kama mshawishi wa bungeni (lobbyist, anayelipwa kuwashawishi wabunge) tu, wengine ni hiari ya mgombea.

Kwahiyo swali langu kwa wana jamvi: mtu alinunua mlango, wewe unamrudishia nauli. Mlango je?

#2 Kijiwe cha Jioni

Mleta uzi umeandika vizuri ila unawaonea wanasiasa. Mgombea anapokea michango ya watu maelfu kwa maelfu, atamjuaje kila mtu na mambo yake ya chumbani? Mkono mtupu haulambwi mkuu, kampeni bila hela unafanyaje.

#3 Karani Mstaafu

Niongezee kidogo upande wa sheria maana naona tunaichanganya. Hakuna sheria ya Marekani inayomlazimisha mgombea kurudisha mchango kwa sababu aliyeutoa ni mtu mbaya. Unaotakiwa kurudishwa ni ule uliovunja sheria ya uchaguzi, mfano umezidi kikomo, umetoka kwa mgeni asiyeruhusiwa, au umepitia kwa jina la mtu mwingine. Tuhuma za ngono haziugusi. Kwahiyo kurudisha ni suala la aibu tu, fedha fedheha kama walivyosema wazee, na aibu ina tabia ya kupoa.

Tena tuwe wa haki, tuhuma ni tuhuma. Siungi mkono mtu ahukumiwe na gazeti. Ila #2, hoja ya "hakujua" ina kipimo chake. Jeffrey Epstein, yule tajiri wa mambo ya fedha, alishtakiwa Florida mwaka 2006 na baadhi ya wagombea wakarudisha hela zake mwaka huohuo, sawa, hao tuwaelewe. Juni 2008 akakiri makosa mahakamani, kosa mojawapo linamhusu msichana chini ya miaka 18, akafungwa kama miezi 13 na bado akawa anatoka mchana kwenda ofisini kwake. Jina lake likaingia kwenye orodha ya serikali ya wahalifu wa ngono, orodha ambayo hata mtoto wa shule anaifungua mtandaoni. Baada ya hapo bado kuna watu walipokea. Mwakilishi wa Visiwa vya Virgin kwenye bunge la Marekani alipokea maelfu ya dola kutoka kwake miaka mingi baada ya hukumu ile, na Julai 2019 Epstein alipokamatwa tena, mwakilishi huyo alisema kwanza harudishi, kelele zilipozidi akabadilika akasema atatoa kiasi hichohicho kwa mashirika ya wanawake na watoto ya visiwani. Hapo kutojua kunatoka wapi? Jina kwenye hundi ni lilelile lililoko kwenye orodha.

#4 Hesabu Kali

Mnaona sasa, hao ndo Democrats, wanafiki wakubwa, wanajifanya watetezi wa wanawake.

#5 Mleta uzi

#4 ndugu yangu nilikuwa nakusubiri maana lazima angekuja mtu wa hivi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Oktoba 2017 mwenyekiti wa chama cha Republican alipaza sauti DNC warudishe kila senti ya Weinstein, na alikuwa sahihi. Haikupita miezi minne. Tarehe 26 Januari 2018 Wall Street Journal wakatoa habari ya Steve Wynn, tajiri wa makasino ya Las Vegas, wafanyakazi wakieleza tabia ya miaka mingi ya kuwalazimisha mambo ya ngono, na kwamba mtengeneza kucha mmoja alilipwa dola milioni 7.5 kumaliza yaishe. Wynn amekana yote na anaendelea kukana, naliandika hilo kwa haki yake. Sasa Wynn hakuwa mchangiaji wa kawaida, alikuwa ndo mwenyekiti wa fedha wa chama kizima! Akajiuzulu kesho yake. Hela je? Wakasema tusubiri uchunguzi wa kampuni, akikutwa na kosa tutarudisha asilimia 100. Yule aliyetaka wenzake warudishe ndani ya wiki moja, yeye anataka uchunguzi kwanza.

Uchunguzi ukaja. Mapema 2019 tume ya michezo ya kubahatisha ya Nevada ikaipiga kampuni ya Wynn faini ya dola milioni 20, na ya Massachusetts ikaipiga milioni 35 kwa sababu vigogo wa kampuni walizificha tuhuma. Na mwaka huohuo 2019 chama kikapokea tena hela za Wynn, malaki ya dola. Hawakurudisha za zamani, wakaongeza mpya.

Kwahiyo hili halina rangi ya chama. Kila upande unazisikia vizuri sauti za wanawake walioumizwa na mfadhili wa upande wa pili. Hicho ndo kinaniumiza kuliko hata hela zenyewe, maana yule mtengeneza kucha hajui habari za Republican wala Democrats, alikuwa kazini kwake.

#6 Binti Mrefu

Huwa nasoma tu humu sichangii lakini leo naomba niseme.

Nilifanya kazi sehemu ambayo sitaitaja, bosi alikuwa tajiri na alikuwa anachangia sana siasa. Ukiingia ofisini kwake, ukuta wa nyuma ya kiti umejaa picha kwenye fremu za dhahabu. Yeye na mgombea huyu, yeye na waziri yule, wote wanacheka, mkono begani. Siku ya kwanza ya usaili alinizungusha picha moja moja, huyu ni rafiki yangu sana, huyu alikuja kwangu Desemba, huyu nikimpigia anapokea. Niliona ni majivuno ya kizee tu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ule ulikuwa ujumbe.

Alivyoanza kunishika sikusema. Mnauliza kila siku humu kwanini wanawake hawasemi mapema. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kile kiti cha wageni, yeye yuko mbele yangu, na nyuma yake kuna watu kumi na kitu wenye nchi wananiangalia wanacheka. Nilizihesabu zile picha siku moja wakati anaongea, ndo kitu nilichokuwa nafanya ili nisilie, zilikuwa kumi na nne. Nikajiuliza nikitoka hapa naenda kushtaki kwa nani, kwa huyu wa nane au huyu wa kumi na moja?

Nilipoenda kwa mtu wa rasilimali watu alinisikiliza vizuri, akafunga mlango, akanipa maji, halafu akaniuliza hivi unajua bosi anajuana na nani? Hakunitisha, nadhani alikuwa ananionea huruma kabisa. Nikaacha kazi baada ya wiki mbili.

Kwahiyo mleta uzi ukisema alinunua mlango, mimi kwa upande wangu naona alinunua ukuta. Mwanasiasa anadhani ametoa picha moja ya bure, mwenzake anaenda kuitumia miaka kumi kwa wasichana ambao yule mwanasiasa hatawahi kuwaona.

#7 Kijiwe cha Jioni

#6 pole sana dada. Nimeisoma mara mbili. Nilichoandika pale juu kuhusu mambo ya chumbani nimekosea, naomba radhi.

#8 Karani Mstaafu

Binti Mrefu, ahsante kwa kuandika. Swali lako la kushtaki kwa nani lina jibu baya sana Marekani, maana kule majimbo mengi hata mwendesha mashtaka wa wilaya anachaguliwa kwa kura, maana yake naye anachangiwa hela za kampeni, na wanaochangia sana ni mawakili.

Machi 2015 mwanamitindo wa Kiitaliano wa miaka 22 alitoka ofisini kwa Weinstein New York akaenda polisi, akasema amemshika kifua na kumuingizia mkono chini ya sketi. Kesho yake polisi wakamfunga kinasa sauti akarudi kukutana naye hotelini. Ile sauti ipo, jarida la New Yorker waliitoa Oktoba 2017, haifiki hata dakika mbili. Wapo kwenye korido ya hoteli. Weinstein anambembeleza na kumuamrisha kwa pamoja aingie chumbani, binti anasema hapana, anasema nataka kushuka chini, anamuuliza kwanini jana ulinishika kifua. Jamaa anaomba samahani, anasema amezoea. Binti anarudia, umezoea? Anajibu ndiyo. Mimi nimekaa na faili za mahakama miaka mingi lakini lile "amezoea" lilinikaa vibaya tumboni, kwa namna lilivyotamkwa, kama mtu anayeeleza anavyopenda chai yake.

Pamoja na sauti hiyo, ofisi ya mwendesha mashtaka wa Manhattan, Cyrus Vance, ilisema ushahidi hautoshi, hakufunguliwa kesi. Kumbuka ni 2015, ikabidi ipite miaka miwili na nusu mingine. Baadaye waandishi wakachimba wakakuta mawakili waliowahi kumfanyia kazi Weinstein walikuwa wachangiaji wa kampeni za Vance, mmoja alitoa dola 10,000 baada ya uamuzi ule. Vance alikana kabisa kwamba hela iligusa uamuzi wake, na yule wakili akasema hakuwa kwenye kesi ile. Mimi sisemi hela ilinunua uamuzi, sina ushahidi huo na sitazua. Ila Januari 2018 Vance mwenyewe akatangaza hatapokea tena hela ya mawakili wenye kesi mbele ya ofisi yake. Kama hela haina harufu kwanini ukunje pua?

Ofisi hiyohiyo ndo ilikuja kumpeleka Weinstein mahakamani, akapata miaka 23 mwaka 2020, mahakama ya rufaa ikaifuta Aprili 2024 kwa kura 4 kwa 3, kesi ikasikilizwa upya na Juni 2025 akatiwa hatiani kwa kosa moja. Los Angeles nako alipewa miaka 16. Yeye anakana mpaka leo.

#9 Hesabu Kali

Sawa nimeelewa, nilikuja na ushabiki. Ila sasa suluhisho nini, maana ukimrudishia hela yake ndo unampa ya kulipa mawakili, ukipeleka hisani mnasema mfuko wa kushoto, ukibaki nayo mnasema mla haramu. Afanye nini huyu mtu?

#10 Mleta uzi

Swali zuri hili na nakubali kurudisha kwa mtuhumiwa mwenyewe ni ujinga, ni kumpa risasi.

Mimi naona kosa ni kudhani uamuzi unafanyika siku ya skendo. Siku hiyo umeshachelewa. Weinstein alikuwa na makubaliano nane ya kufunga midomo, na watu wa sinema walikuwa wanaambiana chinichini miaka mingi. Mgombea ana timu ya watu wanaopekua kila aliyewahi kumtukana chuoni, wanashindwa kumuuliza mwenye sebule swali moja kabla ya kukanyaga kapeti lake: una mikataba mingapi ya wanawake kunyamaza? Akikataa kujibu, usiende. Wakati mwingine umbea ni ushahidi ambao haujapata wakili.

Sheria zimesogea kidogo. Ile sheria ya kodi ya Desemba 2017 iliondoa ruhusa ya kampuni kukata kwenye kodi hela ya kumaliza kesi za unyanyasaji wa kingono kama kuna sharti la usiri. Maana yake kabla ya hapo mlipakodi alikuwa anachangia ule unyamavu! Desemba 2022 ikaja nyingine kwamba mkataba wa usiri uliosainiwa kabla jambo halijatokea hauna nguvu kwenye kesi hizi. Ila ule unaosainiwa wakati wa kumalizana bado una nguvu, na huo ndo wanaoupenda matajiri, funika kombe mwanaharamu apite.

Na kama imeshatokea, toa zote, za miaka yote, na utaje hadharani kila hafla uliyohudhuria kwake na ilikusanya kiasi gani. Januari 2018 kule London hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ilitangaza itarudisha pauni 530,000 za miaka ya nyuma baada ya Financial Times kutoa habari ya chakula cha hisani cha wanaume matajiri ambapo wahudumu wa kike walishikwashikwa. Hospitali ya watoto! Wenye shida ya hela kweli. Walisema watarudisha za tangu 2009, sio za wiki ile tu.

Binti Mrefu, wewe umenibadilishia kichwa cha uzi kabisa. Nilikuwa nahesabu hundi, kumbe za kuhesabu ni fremu. Kama hutojali, hivi kuna yeyote kati ya wale wa ukutani aliyewahi kuambiwa?

#11 Binti Mrefu

Mmoja. Mwenzangu aliyekuja baada yangu alimwandikia barua msaidizi wake, akajibiwa kwamba mheshimiwa amesikitika sana na mchango wa mwaka ule umeshapelekwa kwa yatima.

#12 Mleta uzi

Na picha?

#13 Binti Mrefu

Ipo. Huyo mwenzangu alienda kuchukua vyeti vyake mwezi uliopita akapita ofisini. Ameniambia sasa hivi ni kumi na sita.